Kuhesabu Gharama ya Furaha ya Nyumbani

Masomo: Luka 14:28–30; Yoshua 24:14–15; Matendo 16:29–34



Majilio yanapokaribia, kila apitaye mitaa yetu hujionea mwenyewe jinsi watu wanavyojaa. Kutoka Msimbazi mpaka Kongo, kutoka Aggrey mpaka Uhuru, mtu na mzigo wake hupita kwa kuomba radhi kila hatua. Wengine hutafuta nguo za watoto, wengine mchele na mafuta. Na wengi, hasa akina baba na vijana waliooa karibuni, hutoka madukani wakifuatwa na mbeba mizigo mwenye boksi kubwa kichwani: televisheni, sabufa, king'amuzi, na mfuko wa waya juu yake.

Katika siku hizi Wakristo kadhaa hutuuliza sisi mapadre swali moja. Je, ni vibaya kutaka nyumba yangu yote iwe na muziki na picha, sebuleni, chumbani na jikoni? Nami hujibu, hapana, si vibaya. Mungu aliyewapa watu wake vinubi na matari hakuwakataza kufurahi. Mfalme Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano kwa nguvu zake zote. Bwana wetu mwenyewe alialikwa arusini Kana, akaenda. Furaha ya nyumbani ni zawadi.

Lakini baada ya jibu hilo kuna swali jingine, nalo ni gumu zaidi. Umekaa chini ukahesabu?

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anasema habari za mtu atakaye kujenga mnara. Asipokaa kwanza na kuhesabu gharama, ataweka msingi tu, kisha atashindwa kumaliza, na wapitao watamcheka. Angalieni vema. Bwana hamlaumu mtu huyu kwa kutaka mnara. Anachokitazama ni kwamba hakukaa chini kwanza. Twajua kwamba Bwana alitoa mfano huu ili kufundisha gharama ya kumfuata yeye. Hata hivyo asiyejua kuhesabu katika jambo dogo la nyumba yake, atahesabuje katika jambo kubwa la roho yake?

Mfano wa baba mmoja

Tufikiri juu ya baba mmoja. Si mtu fulani wa parokia yetu, ingawa nadhani kila mtaa anaye. Ana mke na watoto watatu, na mama yake mzazi anakaa nao. Jioni moja alikwenda kwa rafiki yake kutazama mpira, akaona televisheni pana kama meza ya kulia, na sauti ikitoka pande zote. Aliporudi kwake aliona sebule yake imekuwa ndogo na maskini, ingawa asubuhi yake ilimtosha.

Hakusema na mkewe. Alikwenda kwa wale wakopeshaji ambao mji mzima unawajua kwa jina la kausha damu, akatia sahihi karatasi asiyoisoma. Siku moja tu ilimtosha kununua vyote: televisheni kubwa ya sebuleni, mbili ndogo za vyumbani, sabufa yenye spika ndefu, na king'amuzi. Fundi wa kuokota njiani akatoboa kuta na kupitisha nyaya juu ya milango.

Wiki ya kwanza majirani walimpongeza. Mwezi wa pili malipo ya king'amuzi yalikwisha, na umeme wa LUKU uliokuwa ukifika mwisho wa mwezi ukaishia tarehe 15. Mwezi wa tatu mkopeshaji akaja mlangoni asubuhi, watoto wakiwa wanakunywa chai. Mtaji wa maandazi wa mama wa nyumba, alioukusanya shilingi kwa shilingi, ukaenda kulipa riba. Mtoto mkubwa akarudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya mchango. Mwishowe televisheni kubwa ikauzwa kwa nusu ya bei, na iliyobaki ukutani ni matundu ya misumari.

Matundu yale ndiyo mnara usiomalizika. Wapitao hawamcheki tena, maana wengi wao wana matundu yao. Lakini mkewe huyatazama kila siku anapofagia. Hasemi neno. Na ukimya ule ndani ya nyumba, ndugu zangu, ni hasara kubwa kuliko televisheni iliyouzwa.

Basi twende taratibu, tuone jinsi ambavyo mtu yule angeweza kupata furaha aliyoitaka bila kuipoteza nyumba.

Kwanza: akae chini, na asikae peke yake

Bwana anasema mjenzi akae kwanza. Kukaa ni kinyume cha kukimbilia. Nasi tuongeze: akae pamoja na nyumba yake. Karatasi moja na kalamu moja vyatosha. Aandike vyumba vyote, na chini ya kila chumba majina ya wanaokitumia na saa wanazokitumia.

Akifanya hivyo ataona jambo asilolijua. Ataona kwamba wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mama wa nyumba yuko jikoni, na dada wa kazi yuko naye. Ataona kwamba bibi analala mapema, na anachotaka yeye ni redio ndogo karibu na kitanda asikilize sala na nyimbo za zamani. Ataona kwamba mtoto aliye darasa la saba anahitaji meza na ukimya kuliko picha. Kumbe hitaji la nyumba ile ni televisheni moja sebuleni, spika moja ndogo jikoni, na redio ya bibi. Zile televisheni mbili za vyumbani hakuna aliyeziomba.

Wenye ufundi huanza na chombo, kisha hutafuta mahali pa kukiweka. Mkristo aanze na mtu, kisha atafute chombo kimfaacho. Deni nyingi zingekufa kabla ya kuzaliwa, kama tungeanza hivyo.

Pili: ahesabu gharama yote, siyo bei ya dukani tu

Hapa wengi hujikwaa. Bei iliyoandikwa kwenye boksi ni mlango tu wa gharama. Ndani yake kuna waya, paipu, fundi, kinga ya umeme, malipo ya kila mwezi, na umeme wenyewe.

Bei za Kariakoo hubadilika wiki kwa wiki, kwa hiyo sitasema bei, nitasema mafungu. Tuseme mtu ameweka akiba shilingi 1,000,000, siyo ya kukopa. Agawe hivi: shilingi 350,000 ya televisheni, 200,000 ya chombo cha sauti, 150,000 ya waya, paipu na fundi, 100,000 ya kinga, yaani stabilaiza na sokebreka na waya wa kwenda ardhini, 100,000 ya malipo ya miezi ya kwanza, na 100,000 akae nayo, maana hakuna kazi ya ujenzi isiyokuwa na jambo la ghafula. Akiona fungu la televisheni linataka kumeza mafungu mengine, ajue kwamba anachagua televisheni kubwa kuliko uwezo wake.

Tuhesabu na umeme. Televisheni inayokula wati 100, ikiwashwa saa 5 kwa siku, hutumia nusu ya uniti. Kwa mwezi ni uniti 15. Televisheni tatu za namna hiyo ni uniti 45, kabla hujawasha friji, pasi wala feni. Na wale walio katika kundi la matumizi madogo, wanaopata umeme kwa bei nafuu wasipozidi uniti 75 kwa mwezi, wajue kwamba vyombo vingi vya anasa vyaweza kuwatoa katika kundi hilo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Kisha asinunue vyote siku moja. Mwaka huu sebule, mwaka ujao jikoni, mwaka wa tatu chumba kingine, kama bado kinahitajika. Mara nyingi mwaka wa tatu ukifika mtu huona hakihitajiki tena, na fedha ile humpeleka mtoto mbele kidogo.

Na anunuapo, asione haya. Chombo kiwashwe dukani, kila tundu lake lijaribiwe, spika zote zisikike, rimoti ibonyezwe. Adai risiti ya mashine, na aandikiwe muda wa dhamana. Muuzaji mwaminifu hachukii mteja wa namna hiyo. Mithali inatufundisha kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Basi muuzaji asiyemdhulumu mteja, na mteja asiyedai bei ya kumuumiza muuzaji, wote wawili wamemheshimu Mungu sokoni.

Tatu: aweke kwanza yale yasiyoonekana

Fundi mwema atakuambia kwamba kazi ya nyumba nzima hufanyika kabla ya plasta. Kama unajenga, hata kama leo huna fedha ya spika hata moja, laza paipu tupu ndani ya kuta kutoka sebuleni kwenda kila chumba unachokifikiria. Paipu ni rahisi ukuta ukiwa wazi. Ukuta ukishafungwa utalipa kuubomoa na kuujenga tena. Waya za sauti na picha zisipite paipu moja na waya za umeme, maana ni hatari, na sauti huvuma. Waya wa spika wa kwenda mbali usiwe mwembamba kama uzi. Ukizidi mita 10, afadhali waya wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, la sivyo nguvu ya sauti itapotea njiani.

Mpangaji asiyeweza kuvunja ukuta wa mwenye nyumba asihuzunike. Apitishe waya pembeni mwa dari katika vifuniko vya plastiki, wala asitoboe bila ruhusa. Na king'amuzi kimoja chaweza kugawanywa kwa spilita kikalisha televisheni mbili. Lakini ajue mapema kwamba zote mbili zitaonyesha stesheni moja, wasije watoto wakagombana kwa jambo ambalo fundi alilijua tangu mwanzo.

Kadhalika asiitwishe amplifaya mzigo usio wake. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba katika mlango mmoja, amplifaya huziona kama omu 4; zikiwa nne, huziona kama omu 2. Chombo kilichoandikwa omu 8 kitapata moto, na siku moja kitazima katikati ya wimbo. Akina baba na akina mama, je, hamwoni katika hili mfano wa mtu anayebeba kila kitu peke yake? Kila ndugu huongeza spika yake katika mlango ule ule, na hakuna anayesoma maandishi ya nyuma. Mtume anatuambia tuchukuliane mizigo. Tusimsubiri mwenzetu azime ndipo tuulize alikuwa na joto kiasi gani.

Juu ya kinga nasema neno moja. Sisi tulioona soko letu la Kariakoo likiungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 hatuhitaji kuambiwa jinsi moto unavyokwenda mbio kuliko watu wa kuuzima. Usirundike plagi sita katika ekstensheni moja ya bei ya chini. Usilaze waya chini ya zulia. Sokebreka na waya wa ardhini havionekani na wageni, wala hakuna atakayekupongeza kwa kuwa navyo. Lakini ndivyo vinavyowalinda watoto wako wanapolala.

Na fundi asimamiwe. Wengi wenu mmefika Mkunazini, Unguja, katika Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, na kazi ya kulijenga ikachukua miaka kadhaa. Miaka ya subira! Inasimuliwa mpaka leo kwamba Askofu Steere alipokuwa hayupo, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa kichwa chini, na waongozaji wa wageni huzionyesha. Mambo mawili twajifunza. Kazi njema haioni haya kwenda polepole. Na mwenye kazi asipokuwapo, nguzo husimama juu chini. Hata hivyo kanisa halikuanguka. Mungu hutumia hata nguzo zetu zilizogeuka. Lakini tusimjaribu.

Nne: nyumba nzima ni nani?

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Tunasema “muziki wa nyumba nzima,” “picha za nyumba nzima.” Maandiko nayo yanasema habari za nyumba nzima. Yoshua, mzee, amesimama mbele ya Israeli pale Shekemu, anawaambia wachague wa kumtumikia. Naye anajibu kwa ajili yake na nyumba yake pia. Mlinzi wa gereza la Filipi anaamini usiku wa manane, na usiku ule ule anabatizwa pamoja na watu wake wote, kisha anawaandalia Paulo na Sila chakula, na nyumba yote inafurahi. Ile ndiyo furaha ya nyumba nzima. Haikupita katika waya.

Jihadharini, ndugu zangu, na mpango wa nyumba nzima unaoigawa nyumba. Baba ana televisheni yake ya mpira, mama ana yake ya tamthilia, watoto wana simu zao chini ya shuka, bibi amebaki na ukuta. Kila chumba kina sauti, wala hakuna anayesikilizwa. Nyumba ina spika katika kila pembe, na mtoto ana jambo la kusema tangu Jumatatu, bado hajapata nafasi.

Wazee wetu wanakumbuka nyakati nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na kwa miaka mingi redio moja ilitosha uchochoro mzima. Televisheni ilianza Unguja katika miaka ya 1970, lakini huku Bara hatukuwa na stesheni mpaka mwaka 1994. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaondoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Chombo kilikuwa kidogo, na mara nyingi kilikwaruza. Lakini kilikaa katikati ya watu, na baada ya kuzimwa, watu walikuwa na la kusema na la kutenda.

Sisemi turudi nyuma. Nasema tuuchukue utaratibu ule. Chombo kikubwa kiwe mahali pa wote, siyo vyumbani. Televisheni isiingie chumba cha kulala cha watoto, wala tusiipe nafasi kati ya mume na mke saa ambayo wangesemezana. Kipindi kikiisha, mzee wa nyumba aulize: “Mmeona nini?” Na mdogo kuliko wote aanze kujibu. Kisha kizimwe, na sala ya jioni isemwe. Dakika kumi zatosha. Nyumba iliyoweza kukaa dakika 90 kwa ajili ya mpira haiwezi kusema imekosa kumi kwa ajili ya Mungu.

Na ile spika ya jikoni niliyoitaja? Ni jambo jema, maana Martha naye apewe nafasi ya kusikia. Lakini nawaambia akina baba na vijana kwamba kuna njia nyingine ambayo haina gharama hata senti moja. Inukeni, mkamsaidie jikoni, ili wote mketi pamoja taarifa inapoanza. Dada wa kazi naye ni mtu wa nyumba. Kama kiti chake kiko nje ya mlango, mpango wetu wa nyumba nzima bado haujakamilika.

Tano: jirani yu ukutani

Sisi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala twaishi karibu. Katika zile nyumba zetu za Kiswahili, zenye vyumba kila upande wa ukumbi, mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma humwambia pole. Katika maghorofa mapya nako, sakafu ya mmoja ni dari ya mwenzake. Basi sabufa yako si yako peke yako.

Sauti nyembamba huzuiwa na mlango, lakini mdundo mzito hupita ukutani na sakafuni, ukamfikia mgonjwa kitandani, na mlinzi aliyerudi asubuhi kutoka lindo, na mtoto anayesoma kwa ajili ya mtihani. Dawa ni rahisi. Usiiweke sabufa pembeni kabisa mwa chumba wala kuigandamiza ukutani, maana pembe huukuza mdundo. Weka mpira au godoro dogo chini yake. Punguza mdundo ifikapo usiku. Na kabla ya yote, bisha hodi kwa jirani umwulize: “Je, inakusumbua?” Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, kwa mtu wa Kariakoo, yaweza kuanza na kitufe kimoja cha rimoti. Jirani yako akiwa ni Mwislamu anayeamka alfajiri kwa sala yake, mwonyeshe Kristo kwa kumwachia usingizi wake.

Sita: tusile jasho la mwingine

Tunahesabu gharama ili tutumie fedha kidogo. Vema. Lakini kuna unafuu ambao ni wizi. Filamu zilizojazwa katika flashi kwa shilingi chache, nyimbo zilizonakiliwa bila idhini, king'amuzi kilichochezewa ili kifungue stesheni zisizolipiwa: vyote hivi vina mwenye mali. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini Mkristo hakungoja mwaka 1999. Alikuwa nayo amri ya nane tangu Sinai. Yule kijana wa kwaya aliyelipa studio kwa kuuza simu yake anategemea tununue wimbo wake. Kama hatuwezi kulipa vyote, tulipie kimoja, na kile kimoja kitakuwa na baraka. Mungu hachukii sebule yenye vitu vichache.

Neno kwa aliyekwisha kukopa

Najua kwamba atakuwapo asomaye maneno haya akiwa tayari na matundu ukutani. Kwake sisemi kwa kucheka. Mnara wake umesimama nusu, na usiku hapati usingizi akisikia hatua mlangoni. Ndugu yangu, dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya aibu ni kusema. Anza na mkeo. Mwambie yote, hata ile karatasi usiyoisoma. Kisha njoo kwa padre, au kwa wazee wa kanisa, au kwa ndugu wa jumuiya yako. Wamo miongoni mwetu wanaojua hesabu na wanaojua sheria, na wapo akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaoweza kukuonyesha njia isiyokausha damu. Usikope kwa mmoja ili umlipe mwingine. Uza unachoweza kuuza kabla hakijachukuliwa. Na mtaji wa mkeo uliochukua, uandike katika orodha ya madeni, nao uwe wa kwanza kulipwa.

Bwana aliyetufundisha kuhesabu gharama alihesabu gharama yake mwenyewe juu yetu, akaona ni msalaba, wala hakurudi nyuma. Alimaliza. Katika nyumba yake hakuna nguzo iliyoachwa nusu, na jina lako halikuandikwa humo kwa mkopo.

Basi Majilio haya, tunapomngoja, tuiandae nyumba. Paka chokaa, funga taa, na kama akiba imetosha, leta televisheni. Lakini kabla ya kununua waya mita moja, zima vyote jioni moja, waite wote sebuleni, pamoja na bibi na dada wa kazi, weka karatasi mezani, na uulize kila mmoja anachokihitaji. Huenda ukasikia mambo ambayo hakuna spika iliyowahi kuyatangaza nyumbani mwako.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba wa kila nyumba mbinguni na duniani, utufundishe kukaa na kuhesabu. Utuepushe na tamaa ya macho na mzigo wa deni. Uwakumbuke wanaonunua na wanaouza katika soko letu, uwape haki na amani. Ingia katika nyumba zetu, ukae katikati yetu, utufungue masikio tusikilizane, na zaidi ya yote tukusikie wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Padre wenu